Marehemu Bibi Titi Mohamed: Mtumishi wa Watu Aliyesahauliwa Kisha Akakumbukwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Imekuwa desturi katika vitabu vya ukumbusho kama hiki kusimulia maisha ya wanaume: makadhi, maimamu, waalimu wa chuo, na matajiri waliotoa viwanja vya kujengea misikiti. Hilo ni jambo jema, kwani mwenye kutenda wema apasa kukumbukwa. Lakini yeyote aliyekaa Jinja au Mbale kwa miaka mingi ajua ya kuwa hapana msikiti uliosimama katika miji hii kwa nguvu za wanaume peke yao. Maji ya udhu yalibebwa na wanawake. Chakula cha maulidi kilipikwa na wanawake. Maiti wa kike waliosha wanawake, na watoto yatima wakalala katika nyumba za mabibi ambao wenyewe hawakuwa na kitu. Majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa ajili hiyo safari hii umechaguliwa wasifu wa mwanamke. Hakuzaliwa kando ya Mto Nile wala chini ya Mlima Elgon. Alizaliwa Dar es Salaam na huko ndiko kulikokuwa kwao. Hata hivyo lugha yake ni lugha ileile iliyoletwa katika miji yetu na wafanya biashara wa pwani, askari wa kambi na wajenzi wa reli. Na mambo yaliyompata, ya furaha na ya huzuni, yaweza kumpata mama yeyote wa hapa aliyejitoa kwa ajili ya watu. Mwanamke huyo ni marehemu Bibi Titi binti Mohamed.

Alizaliwa mwaka 1926 katika nyumba ya Kiislamu. Baba yake alikuwa mtu wa dini na mfanya biashara, na alipomtazama binti yake hakupenda aende shule. Hakuwa mtu mjinga wala mwenye roho ngumu. Aliogopa kwamba shule itamtoa mtoto katika dini ya wazee wake. Basi Titi mdogo akasoma Kurani kwanza, kama walivyosoma watoto wote wa Kiislamu wa mji ule. Baba alipofariki, mama yake ndiye aliyemtia katika shule ya wasichana ya Serikali, na huko akasoma hata darasa la nne. Hapo ndipo masomo yake ya shule yalipokoma.

Hofu ya yule mzee haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Katika Busoga na Bugisu na Bukedi, shule za kwanza nyingi zilikuwa za misheni, za Waprotestanti na za Wakatoliki, na wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao nyumbani wasije wakabatizwa. Iman yao ilisalimika, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Walipokuja kutafutwa makarani, waganga wa hospitali na waalimu, Waislamu walikuwa wachache mno. Ndiyo maana mwaka 1944 kilianzishwa chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda, na mwaka 1945 Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, akaanzisha huko Mombasa Jumuiya ya Maendeleo ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ili Waislamu wapate shule zao na misikiti yao. Safari hiyo ilikuwa ndefu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifungua milango yake hapa Mbale, na mabinti wa Kiislamu wakaweza kusoma hata digrii pasipo kuacha buibui wala sala. Laiti baba yake Titi angaliishi akaiona siku hiyo, pengine hofu yake ingalimtoka.

Titi alipobalehe alitiwa ndani, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa pwani, asionekane na wanaume. Akaolewa angali msichana mdogo sana, kwa mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Mungu akamjalia mtoto mmoja wa kike, na huyo ndiye mtoto pekee aliyemzaa. Ndoa ile haikudumu. Akawa mama mwenye mtoto wa kulea angali mwenyewe yu kijana.

Katika miaka hiyo alijulikana mjini kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hapa yafaa kusema kweli bila kuficha. Wanazuoni wengi hawakuzipenda ngoma za mji, wala kitabu hiki hakikuandikwa kuzisifu. Lakini mwenye insafu ataona pia kwamba vile vikundi havikuwa vya kuimba tu. Vilikuwa na viongozi, na michango, na daftari. Mwanachama akifiwa walikwenda kumzika mtu wake, akiugua walimchangia, akiozesha walimpikia. Mwanamke ambaye hakuitwa katika baraza lolote la wanaume alijifunza humo jinsi ya kukusanya watu, jinsi ya kutunza fedha ya wenzake pasipo kuila, na jinsi ya kupatanisha waliogombana. Mwenyezi Mungu humfundisha mja wake mahali asipotazamia.

Tarehe 7 Julai, 1954, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, na Julius Nyerere akawa rais wake. Wafanya kazi wa Serikali walikuwa wamekatazwa kuingia katika siasa, na kwa hiyo watu wengi waliosoma waliogopa kuchukua kadi hadharani. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour. Akauliza wako wapi wanawake wa chama hiki. Swali hilo liliwatahayarisha wazee wa TANU, kwa maana wanawake walikuwako katika orodha kwa majina machache tu. Wakatafuta mwanamke awezaye kuwakusanya wenzake, na mtu waliyemwendea ni Titi. Yeye na mume wake wa wakati ule walikwisha chukua kadi za chama. Ya mumewe ilikuwa namba 15 na yake namba 16.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Hakuwa amepata kusimama mbele ya mkutano kusema neno. Alizoea kuimba, si kuhutubu. Hata hivyo akakubali. Hakwenda kwanza kwa watu waliosoma. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa sababu aliwajua na walimjua. Kila kiongozi akaleta watu wake. Kabla ya mwaka 1955 kwisha, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kuingia katika chama. Wanaume wakashangaa, kwani wao wenyewe hawakuwa wamepata wengi hivyo kwa muda mfupi kama ule.

Yafaa kufikiri wanawake wale walikuwa nani. Hawakuwa na mishahara ya Serikali, na kwa hiyo hapakuwa na bwana wa kuwafukuza kazi. Walikuwa wauza maandazi na vitumbua, wapika pombe wengine, wakulima wa viunga vya mji, wajane na waliotalikiwa. Walichanga senti kwa senti. Mikutano ilipofanywa, wao ndio waliowapikia wageni na kuwalaza. Hapana aliyelipwa kwa kazi hiyo. Titi mwenyewe alijitolea siku zake, nguvu zake na sauti yake, akasafiri katika majimbo kwa magari mabovu na njia mbaya, akilala kwa watu asiowajua.

Mwanamke wa Kiislamu kusafiri hivyo na kuhutubia maelfu ya watu katika uwanja lilikuwa jambo geni. Wako waliomlaumu. Wako wanaume waliowakataza wake zao kumsikiliza. Aliwajibu kwa hoja iliyo nyepesi na isiyo na jawabu, kwamba hapana mwanamume, awe mtawala au mtawaliwa, ambaye hakubebwa tumboni na mwanamke, na kwa hiyo uhuru wa nchi hauwezi kuwa kazi ya nusu ya watu. Alivaa khanga na kujitanda, akasema Kiswahili kitamu cha mjini, na wasikilizaji wakamwona ni mtu wao. Hata nyumbani mwake gharama ilikuwapo, kwani mke aliye safarini kila mara na mume anayemngoja si rahisi kudumu pamoja.

Neno Bibi katika lugha yetu lina maana mbili. Ni heshima ya mwanamke, na tena ni jina la mama wa mama au mama wa baba, yule ambaye Waganda humwita jjajja. Titi aliitwa Bibi angali kijana, kwa maana ile ya kwanza. Miaka ilipopita jina likamwenea kwa maana ya pili pia, na watu wa nchi nzima wakamtaja kama wajukuu wamtajavyo nyanya yao.

Tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ikapata uhuru; Uganda ikafuata tarehe 9 Oktoba, 1962. Bibi Titi aliingia Bungeni, akawa Waziri Mdogo katika mambo ya maendeleo ya watu, na mwaka 1962 ulipoanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mtu wa darasa la nne, asiyejua Kiingereza cha vitabu, akakaa katika meza moja na waliotoka vyuo vikuu. Aliyatazama mambo waliyoyataka akina mama: kujua kusoma na kuandika, afya ya watoto wachanga, na njia za kupata riziki ya halali.

Lakini dunia haina mahali pa kukaa daima. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa, akapoteza kiti chake cha Bunge. Tarehe 5 Februari, 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake sharti kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakulikubali sharti lile, akajiuzulu katika kamati kuu ya chama alichokijenga kwa miguu yake.

Katika jambo hili watu wamegawanyika, na kila upande una hoja. Wenye Azimio walitaka viongozi wasiwe wanyonyaji, na hiyo ni nia njema. Lakini itazamwe pia hali ya mwanamke asiye na elimu kubwa katika miji yetu. Mwanamume mwenye cheti ana mshahara na malipo ya uzeeni. Mwanamke aliyetalikiwa au kufiwa na mumewe, akiwa na vyumba vitatu vya kupangisha, vyumba hivyo ndivyo mshahara wake, na ndivyo malipo yake ya uzeeni, na ndivyo chakula cha wajukuu. Wajane wa Jinja na Mbale wanaoishi kwa kodi ya chumba kimoja wataelewa bila kuelezwa kwa nini jambo lile lilikuwa zito kwake.

Likaja la kubwa zaidi. Mwezi wa Oktoba, 1969, Bibi Titi alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri, na baadhi ya maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini, yaani kutaka kuipindua Serikali. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, nayo ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika nchi ile tangu uhuru. Yeye alikana mashtaka. Mahakama ikamwona ana hatia, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe, akatoka gerezani. Mambo ya ndani ya kesi ile si kazi ya kitabu hiki kuyahukumu upya. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika katika vifua. Linaloweza kusemwa ni lile ambalo kila mtu aliliona, kwamba mama aliyewakusanyia wenzake maelfu ya watu alitoka gerezani akawakuta wachache sana mlangoni.

Akiwa kifungoni alitalikiwa na mumewe. Waliokuwa rafiki zake walijitenga, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kusahau. Wale waliogombania kukaa karibu naye katika gari la mkutano hawakupita tena mtaani kwake. Picha yake haikuonekana, wala jina lake halikutajwa katika sikukuu za taifa. Kwa miaka karibu ishirini aliishi kimya katika mji uleule aliozaliwa, akafanya kama wanavyofanya wanawake wazee, akaswali, akawatazama jamaa zake, akapokea wageni wachache waliokuja. Hakuonekana barabarani akilia wala kumlaani mtu.

Watu wa Jinja wa umri mkubwa wataitambua hali hii. Mwaka uleule wa 1972 Wahindi walifukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin, na katika siku tisini tu mji ukawapoteza watu waliofungua maduka yake na viwanda vyake, na miongoni mwao Waislamu waliokuwa wakitoa sadaka kwa misikiti na madrasa. Mtu aliyeamkiwa na kila mpita njia siku ya Ijumaa alipakia mizigo yake, na waliomsindikiza walihesabika. Heshima ya dunia ni kama kivuli cha asubuhi. Jua likipanda, hakionekani.

Hata hivyo wema haupotei. Mwaka 1991, Tanzania ilipotimiza miaka thelathini ya uhuru, gazeti la chama kilichotawala lilimtaja Bibi Titi miongoni mwa mashujaa waliopigania uhuru. Watafiti walikuja kumwuliza habari za miaka ile, naye akawasimulia, na kwa njia hiyo kazi ya wanawake wasiojulikana wa mwaka 1955 ikapata kuandikwa. Waliosoma masimulizi yale walifahamu jambo ambalo vitabu vya shule havikulisema, kwamba chama kile hakikujengwa na wachache waliosoma tu, bali pia na wauza vitumbua.

Bibi Titi Mohamed alifariki tarehe 5 Novemba, 2000, hospitalini Johannesburg, Afrika ya Kusini, alikokuwa amepelekwa kutibiwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne hivi. Leo mojawapo ya barabara kubwa za Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake, na maelfu ya watu hupita hapo kila siku. Pengine wengi wao hawajui kuwa mwenye jina hilo alipata kukaa miaka mingi katika mji huo huo pasipo mtu kumbishia hodi.

Katika maisha haya yamo mafundisho matatu kwa jamaa wa Jinja na Mbale.

La kwanza ni kwamba elimu ndogo si udhuru. Mwenye darasa la nne na Kurani yake aliwafikia watu ambao wenye digrii hawakuwafikia, kwa kuwa alianza na wale aliowajua. Mama wa Bugembe au wa Namakwekwe anayewajua majirani zake thelathini ana hazina, na akiitumia kwa kuwasomesha watoto wao na kuwazuru wagonjwa wao, amefanya kazi kubwa.

La pili ni subira. Kutumikia watu hakumwekei mtu dhamana kwamba watu watamtumikia. Mwenye kuitazamia shukrani ya wanadamu atachoka njiani. Mwenye kutazamia malipo ya Mola wake hatachoka.

La tatu lawahusu walio hai, na ndilo lenye haraka. Barabara iliitwa kwa jina la Bibi Titi baada ya miaka ya upweke, na barabara haimfariji mtu mzee usiku anapougua. Katika kila mtaa wa miji hii miwili yumo leo bibi aliyewahi kuosha maiti kwa miaka thelathini, au aliyepika futari ya msikiti kila Ramadhani, au aliyewalea wajukuu wa wenzake waliokufa kwa maradhi, na sasa magoti yamemshinda na hatoki. Mlango wake wajulikana. Yafaa vijana wa madrasa wapelekwe wamwamkie, wamchotee maji, wamsomee, na jina lake liandikwe katika daftari la jumuiya angali anaweza kulisikia likisomwa. Huo ndio ukumbusho ulio bora kuliko jiwe na kuliko kitabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi binti Mohamed, amsamehe makosa yake, ayapokee mema yake na kulipanua kaburi lake. Awarehemu na mabibi wote wa Jinja na Mbale waliotangulia ambao majina yao hayakuandikwa, kwani kwake Yeye yameandikwa. Amin.